DAKTA DENIS BURKITT: TABIBU MWANAJESHI ALIYETUFUNDISHA KUITAZAMA SAHANI

Msafiri atokaye mjini Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hufuatana na migomba pande zote mbili za njia, na vilimani huwaona ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wakilisha. Nchi hiyo haina upungufu wa vyakula vya asili: kuna matoke, wimbi, maharagwe na maziwa. Hata hivyo afikapo madukani, iwe ni mjini Mbarara au katika soko la Nakivale, kitu cha kwanza akionacho mezani kwa muuza chai ni kopo la sukari, kando yake bakuli la maandazi ya unga mweupe, na nyuma yake makreti ya soda.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Yaliwekwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko ya Rwanda, na leo wamo humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Lugha inayowaunganisha wengi wao sokoni ni hii yetu ya Kiswahili, ile ile itumikayo kambini na katika vituo vya polisi. Kitu kingine kinachowaunganisha ni kikombe cha chai iliyokolezwa sukari mpaka kijiko karibu kisimame.

Askari waliopangiwa kazi katika sehemu hizo hawako mbali na kikombe hicho. Mlinzi wa zamu ya usiku hukitumia ili asisinzie. Mwenye safari ndefu hununua soda akidhani anajiongezea nguvu. Na afisa aliyekwisha kuacha mbio za asubuhi na kuhamia mezani huendelea kula na kunywa kama alivyokula na kunywa alipokuwa kuruta. Ndiyo sababu leo, badala ya kuwasimulia habari za jemadari aliyeteka miji, tumeonelea tuwasimulie maisha ya tabibu mmoja aliyevaa sare kama ninyi, akafanya kazi katika nchi hii ya Uganda kwa miaka ishirini, na mwishowe akaitahadharisha dunia nzima juu ya chakula cheupe. Huyo ni marehemu Dakta Denis Burkitt.

JICHO LILILOPOTEA

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, mtu wa barabara na madaraja. Lakini saa zake za mapumziko alizitumia kuwachunguza ndege. Aliwavisha vipete miguuni ndege wadogo wa bustanini mwake, akaandika kila mmoja anakaa wapi, kisha akachora ramani ya mipaka yao. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa maana mtoto alirithi mtindo wa baba. Maisha yake yote Denis Burkitt aliuliza maswali mawili: kitu hiki kiko wapi, na wapi hakiko?

Alipokuwa na umri wa miaka 11 yalimfika makubwa. Katika ugomvi wa watoto wa shule jiwe lilirushwa, likampiga usoni na kuvunja miwani yake. Jicho la kulia likaharibika, na matabibu hawakuwa na budi kuliondoa. Tangu siku hiyo aliitazama dunia kwa jicho moja.

Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin ili asomee uhandisi kama baba yake. Baadaye, kwa msukumo wa imani yake ya dini, aliona kwamba wito wake ni kuwatumikia wagonjwa, akahamia masomo ya uganga. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya juu ya upasuaji mjini Edinburgh. Akaomba kazi katika utumishi wa serikali ya Uingereza barani Afrika. Akakataliwa. Sababu iliyotolewa ni lile jicho: waliona kwamba mpasuaji mwenye jicho moja hafai.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alingoja. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto jeshi lilihitaji matabibu, na mwaka 1941 Burkitt aliingia katika kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza. Alitumikia Kenya, Somalia na Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Katika likizo mojawapo alifika Uganda, akaipenda. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii jicho halikuwa tena kizuizi. Mwaka 1946 alirudi Uganda na mkewe Olive, akapelekwa Lira, katika wilaya ya Lango.

TABIBU MWENYE RAMANI

Huko Lira alikuwa na hospitali ya vitanda mia hivi na wagonjwa wasiohesabika. Tabibu aliyelemewa hivyo aghalabu hutibu aliye mbele yake, akamwita anayefuata. Burkitt alitibu, lakini pia aliuliza kila mmoja ametoka kijiji gani. Akagundua kwamba wagonjwa wa busha walikuwa wengi mno upande mmoja wa wilaya na nadra sana upande wa pili. Akachora ramani, akaandika habari zake katika jarida la uganga. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ndiyo iliyomzoesha njia aliyoifuata baadaye.

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Dakta Hugh Trowell, alimwita kumtazama mtoto wa kiume aliyekuwa na uvimbe wa ajabu katika taya zote mbili. Baada ya wiki chache, alipokuwa katika hospitali ya Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akaanza kufukua mafaili, akakuta kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wakifa miaka yote, na kila uvimbe ukipewa jina lake peke yake. Mwaka 1958 alitangaza kwamba hiyo ni saratani moja. Leo inaitwa kwa jina lake duniani kote.

Hakuishia hapo. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama zimepata kuwaona watoto kama hao. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 yeye na matabibu wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa paundi 250, wakaenda kusini mpaka Afrika ya Kusini. Walisafiri kwa wiki kumi, kiasi cha maili 10,000, na kuzipitia hospitali zipatazo 60. Gharama yote haikufika paundi 700. Walirudi na ushahidi kwamba saratani ile hufuata nchi zenye joto na mvua, na huziepuka nyanda za juu zenye baridi. Kwa kutumia vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake mjini London walikipata kirusi kinachohusika nayo. Burkitt naye alikuwa miongoni mwa matabibu wa kwanza kuonyesha kwamba saratani hiyo yaweza kupona kwa dawa.

Askari mpelelezi atautambua mtindo huu mara moja. Huwezi kumkamata mhalifu kwa kumtazama maiti peke yake. Lazima ujue uhalifu unatokea wapi, lini, na kwa watu gani. Kisha ujue wapi hautokei, na kwa nini.

MWANAMAJI NA MAGUNIA YA PUMBA

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akaajiriwa London na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Mwaka uliofuata alikutanishwa na mtu aliyembadilisha fikra. Huyo aliitwa Kapteni T. L. Cleave, tabibu mstaafu wa jeshi la maji.

Cleave alikuwa mtu wa namna yake. Wakati wa vita alikuwa tabibu katika manowari iitwayo King George V. Meli ilikaa baharini muda mrefu bila mboga mbichi, na mabaharia wakasumbuliwa na kufunga choo. Badala ya kuwajaza dawa za kuharisha, Cleave aliagiza magunia ya pumba za ngano, akawapa wale pamoja na chakula chao. Wakapona. Wenzake walimcheka, lakini yeye aliendelea kufikiri. Mwaka 1966, akishirikiana na tabibu mmoja wa Durban, Dakta Campbell, alitoa kitabu kilichodai jambo zito: kwamba kisukari, unene wa kupindukia, maradhi ya moyo, kuoza kwa meno na mengineyo si magonjwa mbalimbali yaliyokutana kwa bahati, bali ni matawi ya mti mmoja. Mzizi wa mti huo, alisema, ni sukari iliyosafishwa na unga mweupe.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mwili wa binadamu umezoea kwa maelfu ya miaka kula chakula kikiwa na ganda lake, nyuzi zake na maji yake. Sukari nyeupe, kama chakula cha kila siku cha watu wote, ni mgeni wa juzi tu.

Wataalamu wengi walimpuuza Cleave. Burkitt hakuweza kumpuuza, kwa kuwa maneno ya mwanamaji huyo yaligusa jambo aliloliona mwenyewe miaka ishirini Uganda. Alikuwa amepasua maelfu ya Waganda, Walango na wengineo. Lakini kidole tumbo, mawe ya nyongo na bawasiri, magonjwa yaliyojaza wodi za upasuaji za Uingereza, Uganda yalikuwa nadra mno. Trowell naye, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1929, alikuwa amekaa miaka mingi pasipo kuona ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika. Alipompata mgonjwa mmoja, aliona ni jambo la kuandikwa katika jarida la uganga, na akaliandika mwaka 1956. Mgonjwa huyo alikuwa mtu wa cheo, aliyeishi na kula kama Wazungu walivyoishi na kula.

Burkitt akarudia mtindo wake wa zamani. Aliziandikia hospitali za misheni katika nchi nyingi, akiziomba zimpelekee kila mwezi hesabu ya wagonjwa wa magonjwa hayo. Kisha akafanya jambo ambalo waungwana wengi wangeona haya kulifanya: akapima choo cha watu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo yao. Chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa muda wa saa 36 hivi, na choo chake kwa siku kilipita gramu 400. Chakula cha askari wa jeshi la maji la Uingereza kilichukua zaidi ya saa 80, na choo chake kilikuwa kama gramu 100 tu. Kwa ufupi, mtu wa kijijini, aliyedhaniwa maskini, alikuwa na tumbo lenye afya kuliko askari aliyelishwa na dola kubwa.

Tangu hapo Burkitt alizunguka dunia akihubiri habari za nyuzinyuzi za chakula, zile sehemu za nafaka, maharagwe, matunda na mboga zisizomeng'enywa. Yeye na Trowell, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa kasisi, walihariri kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na kusafishwa mwaka 1975, na kingine juu ya magonjwa ya nchi za Magharibi mwaka 1981.

PALE WALIPOTOFAUTIANA

Haitakuwa haki kumsifu mtu bila kueleza mipaka yake. Cleave alishikilia kwamba kosa kubwa ni sukari inayozidi. Burkitt alishikilia kwamba kosa kubwa ni nyuzinyuzi zinazopungua. Katika miaka hiyo hiyo Profesa John Yudkin wa London naye aliishitaki sukari waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1972, na wengine wakashindana naye wakisema mkosaji ni mafuta. Baadhi ya magonjwa ambayo Burkitt aliyahusisha na ukosefu wa nyuzinyuzi hayajathibitishwa hivyo mpaka leo. Tena kulinganisha nchi na nchi kuna hatari yake, kwani watu hutofautiana kwa mengi zaidi ya chakula: hutofautiana kwa kazi, kwa umri, na kwa urahisi wa kumfikia tabibu.

Lakini kiini cha mafundisho yao kimesimama. Mwaka 2019 uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba walao gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku hupata kwa uchache zaidi kisukari, maradhi ya moyo na saratani ya utumbo mpana kuliko walao kidogo. Na mwaka 2015 shirika hilo hilo lilikwisha kushauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi isizidi nusu ya kiasi hicho.

HESABU YA VIJIKO

Hebu tuigeuze kanuni hiyo iwe vijiko. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, huchukua gramu 4 hivi za sukari. Kikomo cha juu kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12. Kikomo kilicho bora ni gramu 25, yaani vijiko 6.

Sasa tumtazame mlinzi wetu wa zamu ya usiku. Anakunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu. Hapo amekwisha kufika 12. Mchana anaongeza soda moja ya chupa ndogo ya mililita 300, ambayo ina vijiko vinane hivi. Akinunua ile kubwa ya nusu lita, amemeza vijiko 13 kwa chupa moja. Hatujahesabu maandazi, wala biskuti, wala vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyopenda vijana. Tena sisi sote twajua kwamba kijiko cha kambini hakisawazishwi, hujazwa kilima.

Mtu atauliza: je, mababu zetu hawakula muwa? Walikula, na bado unauzwa. Lakini yahitaji kilo kumi hivi za muwa kupata kilo moja ya sukari. Mtu anayetaka vijiko vitano kutoka katika muwa lazima atafune gramu 200 za muwa huo, ateme makapi, na taya zichoke. Vijiko hivyo hivyo vitano katika chai humezwa kwa dakika mbili, na mtu akaomba kikombe cha pili. Hilo ndilo alilotaka Cleave lieleweke: kiwanda humwondolea mlaji kazi ya kutafuna, na pamoja nayo humwondolea kizuizi.

Sukari ikifika tumboni hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, glukosi, huingia katika damu, na kongosho hutoa insulini ili kuifungulia mlango wa kuingia katika misuli. Sehemu ya pili, fruktosi, huenda hasa kwenye ini. Mtu anayetembea, anayelima au anayebeba mzigo huitumia nguvu hiyo. Lakini anayeketi huiweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta: kitambini, na ndani ya ini lenyewe. Kadiri mafuta yanavyozidi, mwili huacha kuitii insulini. Kongosho hujitahidi miaka mingi, mwishowe huchoka. Hapo kisukari huwa kimekwisha kuingia nyumbani, ingawa mwenye nyumba hajabisha hodi hospitalini.

Kuna namna nyingine ya kisukari, inayowapata hasa watoto na vijana, ambayo haisababishwi na kula sukari. Wazazi wa watoto hao wasilaumiwe. Na ile namna ya watu wazima nayo haina mzazi mmoja: kuna kurithi, kuna unene, kuna kuketi sana. Sukari ya kupindukia, hasa ile ya kunywa, ni mmoja wa wazazi hao, na ndiyo iliyo rahisi kuifukuza.

ASKARI NA MGUU WAKE

Kwa nini tunawaambia haya askari mbele ya watu wengine? Kwa sababu silaha ya kwanza ya askari ni mwili wake. Sukari inapozidi katika damu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya macho, ya mafigo na ya fahamu. Jicho lililolenga shabaha huanza kuona ukungu. Mguu uliovaa buti hupoteza hisia, msumari ukauchoma na mwenyewe asijue. Kidonda kikaoza, na mtu aliyenusurika risasi akapoteza mguu kwa lengelenge. Nguvu za kiume nazo hupungua, jambo ambalo wengi huona haya kulisema, wakaenda kununua dawa za barabarani badala ya kupimwa damu.

Uchunguzi wa taifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulikuta wenye kisukari ni asilimia 1.4 ya watu wazima. Ni kiasi kidogo kikilinganishwa na nchi nyingi, nasi tuna sababu ya kushukuru. Lakini karibu nusu ya waliokutwa na sukari nyingi katika damu hawakuwa na habari. Burkitt na Trowell walizoea kusema habari za nchi ambayo magonjwa haya hayapo; sisi tunaishi katika nchi ambayo yameanza kuingia. Ni kama doria iliyokwisha kuona nyayo za adui mpakani. Huo ndio wakati wa kujipanga, wala si baada ya mji kutekwa.

Wazee watakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya Kakira na Lugazi vilipodorora, sukari ilikuwa bidhaa ya kutafutwa kwa foleni na kwa cheti. Aliyekuwa na kilo mbili nyumbani alihesabiwa tajiri. Huenda ndiyo sababu mpaka leo mgeni hupewa chai tamu mno kama alama ya heshima, na mwenye kuomba chai isiyo na sukari hutazamwa kama mtu anayemdharau mwenyeji. Ukarimu ni jambo jema. Lakini ukarimu unaweza kupimwa kwa maziwa, na Mbarara ni nchi ya maziwa.

Nakivale kuna shida ya namna nyingine. Mkimbizi aliyepunguziwa posho, kama ilivyotokea kwa wengi mwaka 2023 misaada ya chakula ilipopungua, hutafuta kitu cha kumshibisha mtoto kwa shilingi chache. Chai ya sukari na andazi hujaza tumbo upesi. Tusimlaumu mama huyo. Lakini ajue, na askari anayelinda makazi hayo ajue, kwamba uji wa wimbi na maharagwe humkaa mtoto tumboni muda mrefu zaidi, na kwamba kikombe kile kitamu kinampa nguvu ya saa moja na njaa ya saa tatu.

Mambo yenyewe ya kufanya si magumu. Anayetia vijiko vitatu atie viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja; ulimi huzoea, kama mguu unavyozoea buti jipya. Maji yashike mahali pa soda. Posho ya unga usiokobolewa sana, maharagwe, dodo, matoke na wimbi virudi mezani, na matunda yaliwe yenyewe badala ya kukamuliwa na kutupwa makapi. Bushera inywewe bila kuongezwa sukari. Afisa aliyehamia ofisini atembee. Na yeyote mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara usiku, anayechoka bila kazi au mwenye kidonda kisichopona, asingoje: aende akapimwe damu, katika kituo cha afya kilicho karibu au katika hospitali kuu ya Mbarara. Lakini mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho, apewe kitu kitamu mara moja. Hapo sukari ni dawa.

MWISHO WA SAFARI

Denis Burkitt alifariki dunia tarehe 23 Machi, 1993, nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Alikwisha kupewa nishani na heshima nyingi, na kuingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya London mwaka 1972. Lakini tukiyatazama maisha yake tunaona kwamba kazi zake kubwa hazikuhitaji mitambo ya fahari. Zilihitaji gari kuukuu, ramani, barua nyingi, na ujasiri wa kuuliza maswali ambayo wakubwa waliona ni ya kipuuzi.

Alikataliwa kwa kuwa na jicho moja. Jicho hilo moja liliona saratani ambayo wenye macho mawili waliipita miaka mingi. Likaona pia kwamba mwanakijiji wa Uganda, kwa wimbi lake na maharagwe yake, alikuwa na hazina ambayo mataifa tajiri yalikuwa yameipoteza kiwandani.

Hazina hiyo bado imo mikononi mwetu. Imo katika mashamba ya Isingiro, katika maghala ya Mbarara, na katika vyungu vya akina mama wa Nakivale. Burkitt alitoka mbali kuja kutuonyesha kwamba tunayo. Itakuwa aibu kwetu sisi, tuliozaliwa juu yake, kuiuza kwa kijiko kimoja kimoja.